Kukoroma na kukatika kwa pumzi: Jinsi ya kuizoea mashine ya hewa

Katika mji wa Kangeta, kaunti ya Meru, usiku si wakati wa mapumziko kwa kila mtu. Hili ni eneo la miraa, zao linalopoteza nguvu lisipofika sokoni likiwa bichi. Kwa sababu hiyo, mtu akisinzia mchana husemwa kuwa amechoshwa na kazi, naye akikoroma husemwa kuwa amepata usingizi mzito.

Hata hivyo, mkoromo huo waweza kuwa dalili ya maradhi ya kukatika kwa pumzi usingizini, ambayo madaktari huyaita apnia. Misuli ya koo hulegea mtu alalapo, njia ya hewa ikaziba, na pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo ukashtuka, na mgonjwa akavuta pumzi kwa kishindo kisha akalala tena bila kukumbuka lolote asubuhi.

Hali hii ikitokea mara 5 hadi 14 kwa saa, huhesabiwa kuwa nyepesi. Mara 15 hadi 29 ni ya wastani, na kuanzia mara 30 ni kali.

Shahidi wa kwanza aghalabu ni mke au mume, ambaye husikia mkoromo ukikoma ghafla. Dalili nyingine ni kuumwa na kichwa asubuhi, kinywa kukauka, kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, usahaulifu na hasira za haraka. Wanene na wenye shingo nene wamo hatarini zaidi, ingawa wembamba nao hupatwa. Pombe na dawa za usingizi huzidisha tatizo.

Maradhi haya yasipotibiwa huandamana na shinikizo la damu, kiharusi na matatizo ya moyo. Kwa dereva, hatari iko karibu zaidi: kufumba macho kwa sekunde chache kwenye barabara ya Maua kuelekea Meru kwatosha kuua watu. Miraa huficha usingizi tu, haifungui koo. Isitoshe, huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Mgonjwa anayeshuku hali hii aanzie hospitali iliyo karibu, kama zile za Maua au mjini Meru, na kuomba kuelekezwa kwa mtaalamu. Vipimo hufanywa akiwa amelala, hospitalini au nyumbani kwa kifaa kidogo kinachorekodi pumzi na oksijeni.

Tiba kuu ni mashine ya CPAP, iliyobuniwa na Daktari Colin Sullivan na wenzake mjini Sydney, Australia, na kutangazwa mwaka 1981. Mashine hupuliza hewa ya kawaida kupitia barakoa, na msukumo wake huzuia koo kuziba. Haiponyi maradhi, humsaidia mgonjwa katika usiku anaoitumia tu.

Wengi hushindwa katika majuma ya kwanza. Wengine huona haya mbele ya wenzi wao, wengine huhisi kama wanaosongwa. Inafaa kuivaa barakoa mchana kwa dakika chache ukiwa macho, hadi uso uizoee. Hewa ikivuja au ngozi ikichubuka, huenda barakoa si ya kipimo chako. Usikaze mikanda kupita kiasi. Pua ikikauka, chombo cha unyevu husaidia, nacho hutiwa maji yaliyokenekwa. Barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni laini, na chujio la hewa likaguliwe mara kwa mara, hasa penye vumbi.

Umeme ukipotea, mashine huzima. Wanaoishi mahali unakokatika mara nyingi wamuulize muuzaji kuhusu betri inayofaa. Aidha, mashine iliyokwisha kutumika isinunuliwe bila kukaguliwa: mwaka 2021 kampuni ya Philips iliziita irudishiwe mamilioni ya mashine kwa sababu ya sponji iliyokuwa ikimeng'enyuka ndani yake.

Kipimo cha chini kinachotumiwa na wataalamu ni saa 4 kwa usiku, lakini bora ni kuivaa muda wote wa usingizi. Asiyeimudu gharama amuulize daktari njia nyingine: kupunguza uzani, kulala ubavu, kuacha pombe, au kifaa cha kinywani kinachosogeza taya mbele.

Hadi usingizi wa mchana utakapokoma, dereva na aache usukani kwa mwingine.