Tembo la Mnazi na Mvinyo wa Dodoma Katika Uzaramo

Katika Uzaramo, nchi ambayo leo imegawanyika baina ya Kisarawe, Kibaha, Mkuranga na vitongoji vya Dar es Salaam, kinywaji kilichoshika nafasi ya mvinyo tangu zamani ni tembo la mnazi. Mvinyo wa zabibu wenyewe haukuwa mgeni kabisa pwani. Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinaeleza kuwa wafanyabiashara waliuleta pamoja na ngano, si kwa kuuza bali kwa kuwaridhisha wenyeji. Lakini mzabibu haupendi unyevu wa pwani, na mnazi unaupenda.

Mgema hupanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama, kisu chake cha kugemea, ikiwa kiunoni. Hulifunga panda la maua kabla karara halijapasuka, hulikata ncha, kisha hutundika kibuyu chini yake. Asubuhi na jioni hurudi kukata tena, kipande chembamba tu, ili utomvu usizibe njia. Panda linalogemwa halizai, kwa hiyo mwenye shamba huchagua: tembo kila siku, au nazi zinazochukua karibu mwaka kukomaa.

Mvinyo wa zabibu mara nyingi hutofautishwa kwa aina ya mzabibu. Tembo hutofautishwa kwa saa. Maji yanayotoka pandani yana sukari inayokaribia asilimia 15, na hamira ya asili iliyobaki kibuyuni huanza kazi papo hapo. Linaloteremshwa mapema ni tembo tamu, jepesi, ambalo wapishi wa pwani walilitumia kuumulia mkate wa kumimina na vitumbua. Kufikia jioni limekuwa tembo kali, lenye ulevi unaolingana na wa bia na uchachu unaokata mafuta. Hapo ndipo linapofaa kwa samaki wa kukaanga na muhogo wa kuchoma. Likilala siku kadhaa hugeuka siki, nayo huenda kwenye achari. Ujuzi huu ni elimu kamili ya kuoanisha kinywaji na chakula, na unastahili heshima ileile wapewayo watunza mvinyo wa Ulaya.

Dini zilipunguza wanywaji: Uislamu ulienea Uzaramo kutoka pwani, na Wamisionari Waprotestanti kutoka Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892. Soko halikufa, kwa kuwa Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, ulikuwa unakua. Shida ilikuwa mwendo. Tembo lililotoka Kisarawe asubuhi kwa miguu lilifika mjini likiwa tayari kali. Pigo kubwa zaidi lilitokana na ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umeangamiza mamilioni ya minazi pwani ya Tanzania. Mwaka 1979 ulianzishwa mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, uliotafuta miche yenye kustahimili ugonjwa huo.

Wakati huohuo zabibu zilizopandwa na wamisionari Dodoma zilikuwa zao la biashara. Ukame wa huko unazifaa, na mzabibu uliopogolewa vizuri huzaa mara mbili kwa mwaka. Chupa za mvinyo wake hushuka kwa Barabara ya Morogoro, zikipita Mlandizi na Kibaha. Aina mbili zinatosha kuanzia. Chenin Blanc, nyeupe, ina uchachu unaofanya kazi ileile ya tembo kali: hukata mafuta ya tui, hivyo hufaa kwa samaki wa kupaka na kisamvu cha nazi. Makutupora nyekundu ina tanini, ile hali ya kukausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Kwa samaki tanini huacha ladha ya chuma. Kwa mishikaki na nyama ya mbuzi ya kuchoma hulainishwa na mafuta ya nyama. Pilipili ikizidi, ulevi huongeza ukali wake, na hapo mvinyo mtamu hufaa kuliko mkavu. Na kwa joto la Kibaha, hata nyekundu hupozwa kidogo kabla ya kumiminwa.