Kwa Miguu Kutoka Bourton Hadi Winchcombe: Njia, Wanawake na Haki Zao



Maharusi wakiniuliza waende wapi fungate, wengi wanataka nitaje bahari na hoteli. Leo nakuleteeni safari ya miguu. Mimi na mume wangu tulikwenda Cotswolds, nchi ya vilima na kondoo huko Uingereza, tukatembea siku moja kutoka Bourton-on-the-Water hadi Winchcombe kwa njia iitwayo Warden's Way. Ni kilomita 22 hivi. Nilidhani nitarudi na picha za maua. Nilirudi na habari za wanawake waliopita pale kabla yangu.

Mwanzo niliogopa, sikufichi. Nje kidogo ya Bourton kuna kibao chenye mshale wa manjano, na mshale wenyewe unakuelekeza ndani ya shamba la mtu. Si kando ya shamba, ndani hasa, katikati ya kondoo wake. Nimevaa baibui na raba, nikamwambia mume wangu, "Hapa tutafukuzwa." Akasema tufuate mshale. Mwenye shamba alikuwa anatengeneza lango lake. Alitupungia mkono, akaendelea na kazi.

Ardhi ni yake, lakini njia si yake. Njia nyingi za namna hii zilifanywa na miguu ya wanakijiji zamani sana, wakienda kanisani, kusaga nafaka, sokoni, au kubeba maiti kwenda kuzika. Kwa sheria ya Kiingereza, njia ikishakuwa ya umma inabaki ya umma. Shamba litauzwa, litarithiwa, litabadilishwa mazao, na mpita njia atapita vilevile mpaka njia hiyo ifutwe kisheria.

Kinu na uzi

Baada ya muda mfupi tulifika Lower Slaughter, ambako mto mdogo wa Eye unapita mbele ya milango ya watu. Jina hilo la kijiji linatisha kwa anayejua Kiingereza, maana linasikika kama machinjo, lakini inaelezwa kuwa linatokana na neno la kale la mahali penye matope. Kipo kinu cha zamani kilichoendeshwa kwa maji. Mbele yake kidogo ni Upper Slaughter, moja ya vijiji vichache vya Uingereza ambavyo askari wake wote walirudi hai kutoka vita vikuu vyote viwili. Nilisimama pale nikawafikiria mama zao.

Nyumba zote ni za mawe ya rangi ya asali, na utajiri wa zamani uliojenga makanisa makubwa ya eneo hili ulitokana na sufu ya kondoo. Wafanyabiashara ndio waliotajirika. Mikono iliyosokota uzi ilikuwa ya wanawake, majumbani mwao. Hata neno la Kiingereza la mwanamke ambaye hajaolewa, spinster, asili yake ni msokota uzi. Kazi ya mwanamke ikageuka jina lake, kisha likawa jina la kumsimanga.

Ardhi ilipozungushiwa ua

Kutoka hapo hadi Naunton na Guiting Power tulipita kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa na nyua ndefu za miti. Ni nzuri kuziangalia, lakini nyingi zina kisa kichungu. Zamani sehemu kubwa ya ardhi ya vijiji ilitumiwa kwa pamoja. Maskini hakuwa na shamba kubwa, ila alikuwa na pa kulishia ng'ombe mmoja na pa kuokota kuni. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuigawa na kuizungushia ua ardhi hiyo, ekari milioni 6.8 kwa jumla. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya England.

Aliyeumia sana ni mwanamke, kwa sababu maziwa, kuni na masuke ndiyo yaliyokuwa riziki aliyoitafuta yeye. Baada ya mavuno, wanawake na watoto waliingia mashambani kuokota masuke yaliyobaki. Mwaka 1788, katika kesi ya Mary Houghton wa Suffolk, aliyekuwa ameokota katika shamba la James Steel, mahakama iliamua kuwa sheria haimpi maskini haki ya kuokota. Vijiji vingi viliendelea na desturi hiyo, lakini sasa ilikuwa hisani ya mwenye shamba.

Njia za miguu zilibaki, nazo hazikubaki bure. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, waliupanda mlima wa Kinder Scout uliofungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Watano walifungwa jela. Mwaka 1949 ilitungwa sheria iliyozitaka serikali za majimbo zichore ramani ya kila njia ya umma. Leo England na Wales zina njia hizo kiasi cha kilomita 225,000.

Malkia aliyelala Winchcombe

Tuliswali chini ya mti, tukala mikate tuliyofungasha, tukafika Winchcombe jioni miguu inawaka moto. Asubuhi yake tulikwenda kasri la Sudeley, pembeni ya mji, kuona alipozikwa Katherine Parr, mke wa sita na wa mwisho wa Mfalme Henry VIII.

Bibi huyu alikuwa msomi. Mwaka 1545 alitoa kitabu cha dua kwa jina lake mwenyewe, malkia wa kwanza wa England kufanya hivyo kwa Kiingereza. Mfalme alipofariki mwaka 1547, vito alivyodai kuwa ni vyake vilizuiwa na Edward Seymour, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mfalme mdogo. Mwaka huohuo aliolewa na Thomas, ndugu wa Edward. Tarehe 30 Agosti 1548 alijifungua mtoto wa kike hapo Sudeley, na tarehe 5 Septemba akafariki, akiacha mali yake yote kwa mumewe. Miezi michache baadaye mume akauawa kwa kosa la uhaini. Mtoto, Mary, anatoweka katika kumbukumbu baada ya mwaka 1550.

Nilisimama mbele ya kaburi hilo nikiwa na pete yangu ya ndoa kidoleni. Kama malkia alinyimwa vito vyake, msokota uzi wa Naunton angedai kwa nani? Mpaka sheria ya mwaka 1882, mwanamke wa Kiingereza akiolewa, sehemu kubwa ya mali yake iliingia mikononi mwa mumewe. Sisi mahari yetu ni yetu tangu siku ya nikaha, na mali yetu haihami kwa sababu tumeolewa. Lakini tujiulize bila kuoneana haya: ni maharusi wangapi wanajua mahari yao ni kiasi gani na iko wapi? Ni wangapi wameandikiwa na hawajawahi kuisoma hati?

Zile njia za Cotswolds zipo leo kwa sababu watu wanazipita, na zikizibwa wanakwenda kuuliza. Basi bibi harusi, kabla hujafungasha raba zako za fungate, omba hati yako ya ndoa uisome mstari kwa mstari. Kisha nendeni mkatembee.