Asidi Mango Mbili na Historia ya Petroli na Dizeli
Mwakiro, katika eneo la Muyinga, hutegemea mafuta yaagizwayo kutoka nje ya Burundi. Katika miaka ya 1930, Vladimir Ipatieff aliunganisha olefini nyepesi kwa asidi ya fosforiki iliyoshikizwa kwenye kigumu. Zao kuu lilikuwa petroli, na kichocheo kilichochakaa kilitupwa. Zeolaiti ya ZSM-5, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1972, ilileta tofauti mbili: vitundu vyake vyembamba hupunguza matawi ya molekuli, hivyo hufaa kwa dizeli, na kaboni inayoviziba huchomwa, kichocheo kikatumika tena. Afrika Kusini ilitumia zote mbili: asidi Secunda, zeolaiti Mossel Bay. Kwa hiyo, kilichoamua uteuzi ni mafuta yaliyohitajika, wala si ukali wa asidi pekee. Nchi isiyosafisha mafuta, kama Burundi, hununua matokeo ya uamuzi wa wengine.