Cherehe, vumbi na makali: hadithi ya jiwe la kunolea

Haya wasomaji wangu, leo tuweke kando hifadhidata na misimbo tuongee kuhusu mashine ambayo wengi wetu tumeiona mtaani tangu utotoni. Yule fundi wa kunoa visu anayekuja na baiskeli, anaisimamisha kwa stendi, anakanyaga pedali na jiwe la duara linazunguka mbele yake huku cheche zikiruka. Kiswahili kina jina zuri la mashine hiyo: cherehe. Neno hili lina ukoo na charkh ya Kiajemi, yaani gurudumu, na ni ndugu wa cherehani ya kushonea. Wengi siku hizi husema "grainda" tu, na mimi sina ugomvi nao, lakini nitatumia cherehe kwa sababu naipenda.

Kabla ya historia, hesabu kidogo. (Msikimbie, ni mstari mmoja.) Makali ya kisu au patasi ni pande mbili zinazokutana, na angalau upande mmoja umesagwa kwa mshazari. Ukisaga mshazari huo kwenye jiwe la duara, haubaki bapa, unabonyea kidogo kufuata mviringo wa jiwe. Kina cha mbonyeo huo ni karibu mraba wa upana wa mshazari ukigawanywa kwa mara nne ya kipenyo cha jiwe. Patasi yenye mshazari wa milimita 8 kwenye jiwe la milimita 150 itabonyea kama milimita 0.1. Kwenye jiwe la mita 1.2 itabonyea kama milimita 0.013, ambayo kwa jicho ni bapa kabisa. Kwa hiyo ukubwa wa jiwe ni sehemu ya muundo wa makali. Waliotengeneza nyembe za kunyolea walitaka mbonyeo mkubwa ili wembe uwe mwembamba, wakachagua mawe madogo. Waliosaga misumeno na visu vikubwa walitaka mawe makubwa. Na jiwe likilika linapungua, kwa hiyo kila siku ya kazi mashine yako inabadilika umbo bila kukuuliza.

Sasa twende Sheffield, Uingereza. Mji huu ulijulikana kwa visu tangu zama za kati, na kufikia karne ya 18 mito yake midogo, Porter, Rivelin, Loxley na Sheaf, ilikuwa imejaa vinu vya maji vya kuzungushia mawe ya kunolea. Kimoja, Shepherd Wheel kando ya Porter, kimehifadhiwa kama makumbusho. Msagaji hakusimama. Alikaa juu ya kiti cha mbao kama mtu aliyepanda farasi, na kweli kiti hicho kilikuwa kinaitwa farasi. Jiwe lilizunguka mbele ya magoti yake, nusu ndani ya beseni. Jiwe lenyewe lilikuwa jiwe la mchanga lililochimbwa machimboni, yaani chembe za kwatzi zilizoshikana zenyewe kwa mamilioni ya miaka.

Kama muundo, jiwe la mchanga ni zuri ajabu. Chembe ya mbele ikifa makali, inang'oka na nyingine mpya inatokea nyuma yake. Jiwe linajinoa lenyewe! Shida ni kwamba ile chembe iliyong'oka inaenda mahali. Ukisaga kwa maji, nyingi inaishia kuwa tope la manjano. Ukisaga kikavu, inaelea hewani, na msagaji aliyeinama juu ya jiwe anaivuta. Vumbi la kwatzi likifika ndani kabisa ya mapafu halitoki. Mwili unajaribu kulimeza, unashindwa, unajenga makovu, na makovu hayo yanaendelea hata mtu akiacha kazi. Leo ugonjwa huu unaitwa silikosisi. Sheffield waliuita pumu ya wasagaji.

Daktari Arnold Knight wa mji huo aliandika juu yake mapema katika karne ya 19, na Friedrich Engels akatumia taarifa zake katika kitabu chake cha 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi Uingereza. Takwimu ni hizi: msagaji wa kikavu kwa wastani hakufika miaka 35, na wa maji ni nadra kupita 45. Wasagaji wa uma, waliofanya kazi yao kikavu, ndio walioumia zaidi. Kuna jambo moja katika taarifa hizo ambalo nimelisoma mara tatu: wasagaji walevi waliishi kuliko wenzao, kwa sababu walikosa kazini mara nyingi. Yaani pombe ilikuwa salama kuliko ofisi.

Utauliza, hakuna aliyebuni suluhisho? Alikuwepo. Mapema miaka ya 1820 J. H. Abraham wa hapo hapo Sheffield alitengeneza kifaa cha sumaku cha kunasa vumbi la chuma. (Sumaku hainasi kwatzi, lakini hilo ni shauri lingine.) Baadaye wengine walileta mifereji yenye feni ya kuvuta vumbi, na hiyo ilifanya kazi. Lakini wasagaji wengi walikataa vifaa hivi. Engels anaeleza hofu yao: kazi ikiwa salama, watu wengi wataikimbilia na malipo yatashuka. Ni rahisi kuwacheka tukiwa tumekaa mbele ya tarakilishi zetu. Mimi siwacheki. Mtu anayejua atakufa akiwa na miaka 35 na ana watoto wanne anapiga hesabu ya Jumamosi hii, hapigi ya miaka ishirini ijayo.

Na ulinzi wa idadi ya wasagaji haukuwa mchezo. Aliyekosa kulipa ada ya chama chake alikuta mikanda ya mashine yake imechukuliwa usiku. Bila mkanda jiwe halizunguki, bila jiwe hakuna mkate. Mambo yalizidi hapo. Mwaka 1859 James Linley, aliyekuwa amechukua wanagenzi wengi kuliko kanuni za chama, alipigwa risasi, na baadaye akafa. Oktoba 1866 nyumba ya Thomas Fearnehough ililipuliwa kwa baruti. Tume ya 1867 iliahidi kutowashitaki watakaosema ukweli, na William Broadhead, katibu wa chama cha wasaga misumeno, akakiri kwamba ndiye aliyewalipa watu kufanya vitendo hivyo. Mjadala huo ulisaidia kuleta sheria ya vyama vya wafanyakazi ya 1871. Hayo yote yalianzia kwenye jiwe la kunolea.

Mabadiliko makubwa ya kiufundi yalitoka ng'ambo ya bahari. Huko Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, alikuwako mfinyanzi aitwaye Frank Norton. Fundi wake, Sven Pulson, alichanganya chembe za emeri na udongo wa ufinyanzi mwaka 1873, akaichoma tanuruni kama chungu. Lilitoka gurudumu gumu ambalo mtu anaweza kulipangia ugumu wake kwa kubadilisha kiasi cha udongo. Hapo ndipo jiwe lilipoacha kuwa zawadi ya machimbo na kuwa kitu cha kubuniwa. Mwaka 1885 biashara hiyo ikawa kampuni kamili.

Halafu akaja Edward Acheson, aliyewahi kumfanyia kazi Edison. Mwaka 1891, huko Monongahela, Pennsylvania, alichanganya udongo na makaa ya koki ndani ya bakuli la chuma, akachomeka fimbo ya kaboni na kupitisha umeme mkali. Fimbo ilitoka na fuwele chache zinazong'aa, na zilikwaruza kioo. Alidhani amepata mchanganyiko wa kaboni na korundumu, akaiita carborundum. Alikuwa amebahatisha jina lisilo sahihi, kwa sababu zilikuwa kabaidi ya silikoni, lakini jina lilishika. Hataza aliipata Februari 1893, na mwaka 1895 akahamia Niagara Falls, mahali umeme wa maporomoko ulipokuwa wa bei nafuu. Miaka michache baadaye tanuru za umeme zikaanza kuyeyusha boksaiti na kutoa oksidi ya alumini, ambayo mpaka leo ndiyo chembe ya kawaida ya kusagia chuma.

Kwa chembe hizi ngumu Charles Norton (hana undugu na yule mfinyanzi) alijenga mashine nzito za kusagia zilizoanza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mhimili wa injini ya gari uliokuwa ukichukua saa tano kuchongwa na kupigwa msasa kwa mkono ukamalizika kwa dakika 15. Ford walipoanza kutengeneza Model T walikuwa wateja wakubwa. Kila mtu husimulia habari za mkanda wa kuunganishia magari, wachache humkumbuka jamaa wa jiwe.

Kwa waandika programu wenzangu, angalieni maandishi yaliyo pembeni mwa gurudumu lolote zuri dukani. Utaona kitu kama A 46 K 8 V. Unakisoma kama jina la faili. A ni oksidi ya alumini (C ingekuwa kabaidi ya silikoni). 46 ni ukubwa wa chembe, namba ikipanda chembe inakuwa ndogo. K ni ugumu wa kishikizi kutoka A laini hadi Z gumu. 8 ni nafasi kati ya chembe. V ni kishikizi cha udongo uliochomwa. Kanuni inayowashangaza wengi ni hii: chuma kigumu husagwa kwa jiwe laini. Chuma kigumu hufisha chembe haraka, kwa hiyo unataka kishikizi kinachoziachilia mapema. Ukitumia jiwe gumu, chembe zilizokufa zinabaki palepale zikisugua bila kukata, uso wa jiwe unang'aa kama kioo, makali yako yanageuka bluu kwa joto na ugumu wa chuma unapotea.

Matunzo basi. Jiwe lililong'aa au lililoziba kwa alumini na shaba halifai kusukumwa kwa nguvu zaidi. Linachongwa upya kwa ncha ya almasi au kwa kifaa cha magurudumu ya nyota, mpaka chembe mpya zitokee na duara lirudi kuwa duara. Kabla ya kulifunga, lining'inize kwenye kidole na uligonge taratibu kwa mpini wa mbao. Jiwe zima la kishikizi cha udongo hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Usipuuze jaribio hili. Nguvu inayotaka kulipasua jiwe hukua kwa mraba wa mwendo, yaani ukizungusha mara mbili zaidi, nguvu ni mara nne. Sheffield mawe yalipasuka na kuua watu, hasa yalipokazwa kwenye mhimili kwa kabari za mbao zilizovimba zikilowa.

Almasi ya kutengenezwa ilitangazwa na General Electric mwaka 1955, na hapa tunarudi kwenye uwanja wangu. Kila prosesa ilianza kama sahani nyembamba ya silikoni. Ile ya milimita 300 ina unene wa milimita 0.775 tu. Ukingo wake ukiachwa mkali humeguka, na kipande kimoja kidogo kinaweza kuharibu kazi ya wiki nyingi. Kwa hiyo kabla ya kuchorwa chochote, ukingo wote husagwa mshazari kwa gurudumu la almasi lenye mfereji uliochongwa kwa umbo linalotakiwa. Ni kazi ileile ya fundi wa baiskeli. Na ile carborundum? Mwaka 1907 Henry Round wa kampuni ya Marconi alipitisha umeme kwenye fuwele yake akaona inatoa mwanga, miongo mingi kabla ya taa za LED dukani. Leo kabaidi ya silikoni iko ndani ya vibadilisha umeme vya magari ya umeme.

Mtu angedhani pumu ya wasagaji imebaki makumbusho. Chembe za kutengenezwa hazina kwatzi, na ziliposukuma jiwe la mchanga nje ya karakana katika karne ya 20 hatari kubwa iliondoka nalo. Lakini sasa kwatzi imehamia upande wa pili wa jiwe. Meza za jikoni za mawe ya viwandani, yanayotengenezwa kwa kwatzi iliyosagwa na gundi, zinaweza kuwa na zaidi ya asilimia 90 ya silika. Anayesaga ukingo wa mshazari wa meza hiyo kwa grainda ya mkono, kikavu, anavuta vumbi la kwatzi kama wasagaji wa uma wa Sheffield. Vijana wameugua silikosisi Hispania, Israeli, California na Australia, na baadhi wamehitaji kubadilishiwa mapafu. Tarehe 1 Julai 2024 Australia ikawa nchi ya kwanza kupiga marufuku mawe hayo.

Ukipita karakana ya kukata vigae au granaiti mtaani kwenu, angalia kama kuna bomba la maji kwenye grainda. Granaiti nayo ina kwatzi. Kitambaa alichofunga fundi puani huzuia vumbi unaloliona, na linalofika ndani ya mapafu ni lile usiloliona. Mpira mwembamba wa maji na mtungi wa lita ishirini uliotundikwa juu vinatosha kuanzia, ila hakikisha kwanza grainda ni ya kutumia na maji, la sivyo umeme utamaliza kazi ambayo vumbi lingefanya polepole.