Mdaiwa na Sheria Nchini Kenya
Mwaka 2012 duka la mjomba wangu lilifilisika, naye akatoroka akiogopa kufungwa. Wakati huo Kenya ilitumia Sheria ya Ufilisi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza: mufilisi alibaki mufilisi mpaka mahakama imwachilie. Mwaka 2015 ilitungwa sheria mpya. Sasa, kwa kawaida, mufilisi huachiliwa baada ya miaka 3. Asiye na mali, mwenye madeni ya shilingi 100,000 hadi 4,000,000, anaweza kuomba utaratibu maalumu. Baada ya miezi 12 madeni hayo hufutwa, isipokuwa machache kama yale ya ulaghai. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Asiye na cha kulipa naye amepatiwa dawa. Mjomba hajarudi hadi leo; ningempata, ningemwambia hayo.