Habari za Baiskeli za Kale na Vyuma Vyake

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za baiskeli za kale, na hasa habari za vyuma vyake vilivyofanywa kwa uzuri, ambavyo hata leo huonekana kimoja kimoja katika vijiji vya Tandahimba, Newala na Masasi. Sababu ya kuzisema habari hizi sasa ni kwamba wanunuzi wa chuma chakavu hupita vijijini na mizani zao, nao hununua kwa kilo. Mbele ya mizani, kipande cha injini iliyopasuka na gurudumu la meno lililokatwa kwa sura ya ndege huwa kitu kimoja. Sisi walimu tumeviona vyuma vilivyodumu miaka sabini vikipakiwa kwenda kuyeyushwa, kwa bei isiyotosha kununua madaftari ya mtoto mmoja. Ndipo tukaanza kuviokota, kuvisafisha kwa mafuta ya taa, na kuwaonyesha wanafunzi wetu wa ualimu. Wengi wao walidhani ni mapambo. Lakini kila kimoja kina habari yake.

Kwanza yafaa kusema kwa ufupi baiskeli ilitoka wapi. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alitengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kisicho na pedeli; mwenye kukipanda alikisukuma kwa miguu yake chini. Katika miaka ya 1860 watu wa Paris walitia pedeli katika gurudumu la mbele. Kisha gurudumu hilo likakuzwa mno, hata mpandaji akawa juu kama mtu aliye juu ya dari, na akianguka huanguka kwa kichwa. Mwaka 1880 Hans Renold wa Manchester alitengeneza mnyororo wa vibiringo, nao ndio ulioleta nafuu, maana sasa nguvu za miguu ziliweza kupelekwa gurudumu la nyuma. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli yenye magurudumu karibu sawa na mnyororo wa nyuma. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama wa Belfast, akaleta mpira wa kujazwa upepo. Baiskeli ya mzee wa Kitama au Mahuta ni mjukuu wa baiskeli hiyo ya 1885, na umbo lake halikubadilika sana.

Sasa tufike kwetu. Uwanda wetu umeinuka juu ya bonde la mto Ruvuma, udongo wake ni wa mchanga, na taabu yake kubwa tangu zamani ni maji. Mababu zetu walijenga juu, na maji yalikuwa chini mabondeni, hata kina mama wakashuka na kupanda genge kila siku. Safari zote zilikuwa za miguu. Askofu Steere alipowaleta Masasi watu waliookolewa utumwani, mwaka 1876, walitembea kutoka pwani ya Lindi. Machemba, yule aliyewakatalia Wajerumani kutoka ngome yake ya Luagala hata akavuka Ruvuma mwaka 1899, watu wake nao walikwenda kwa miguu. Baiskeli zilipoanza kuonekana, zilikuwa za mapadre na watumishi wa serikali, kisha za makarani na walimu. Mwalimu mwenye baiskeli aliweza kukagua shule mbili kwa siku moja, na kwa ajili hiyo alihesabiwa kuwa mtu mkubwa kuliko mshahara wake.

Baiskeli zilizidi baada ya Vita Kuu ya Pili. Askari wa King's African Rifles waliorudi kutoka Burma mwaka 1945 na 1946 walikuwa na akiba ya fedha, na wengi wakaona hapana kitu cha kununua kilicho bora kuliko baiskeli. Mwaka 1947 ukaanza Mpango wa Karanga, uliofika hata Nachingwea. Vijana wetu walikwenda kufanya kazi huko na kurudi na fedha mkononi. Mpango ule ulianguka mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa katika miaka ya 1960. Reli ya serikali ilitoweka, lakini baiskeli zilizonunuliwa kwa mishahara ya karanga zilibaki! Baadaye zao la korosho likaenea, na msimu wa kuuza korosho ukawa ndio msimu wa kununua baiskeli.

Tazameni sasa chapa iliyo mbele ya fremu, chini ya usukani. Katika baiskeli za B.S.A. mtaona bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja, vitako chini na mitutu juu. B.S.A. ilikuwa kampuni ya watengeneza silaha wa Birmingham, iliyoundwa mwaka 1861, nayo ilitengeneza bunduki za jeshi la Kiingereza. Basi askari aliyebeba bunduki Burma alirudi nyumbani, na kwa fedha ya vita akanunua baiskeli yenye picha ya bunduki. Hatujui chuma kingine kijijini kinachoeleza miaka ile kwa ufupi namna hiyo.

Lakini uzuri zaidi uko katika gurudumu kubwa la meno, pale pedeli zinaposhikana. Fundi angeweza kuliacha sahani tupu, au kulitoboa matundu tu, na baiskeli ingekwenda vile vile. Viwanda vya zamani havikufanya hivyo. Raleigh ya Nottingham ilikata ndani yake vichwa vya korongo, ndege aliyekuwa katika nembo ya Frank Bowden, mwenye kampuni. Rudge-Whitworth ilikata kiganja cha mkono. Humber ilikata watu watano wameshikana kwa duara, na gurudumu likizunguka huonekana kama wanacheza ngoma. B.S.A. ilikata herufi zake tatu. Kazi hii ilipunguza uzito, nayo ilitangaza jina: hata asiyejua kusoma alitambua korongo na mkono tangu mbali. Sisi tuliozaliwa kati ya wachonga mpingo twajua tofauti ya kitu kilichokatwa kwa haraka na kitu ambacho mkono wa fundi ulikawia juu yake, na kwa maoni yetu wale watu watano wa Humber wangekubaliwa na mchongaji yeyote wa Kimakonde, ingawa huenda angewauliza nyuso zao ziko wapi.

Jambo la pili la kutazama ni ngozi ya chuma, yaani kile kinachong'aa juu yake. Vyuma vya kabla ya miaka ya 1930 vilipakwa nikeli, ambayo mng'ao wake una umanjano kidogo, kama fedha ya zamani. Baadaye ikaja kromu, yenye mng'ao mkali wa kibuluu. Ukikuta usukani au pedeli za Kiingereza zilizopakwa rangi nyeusi tupu, wala hakuna alama ya kromu chini yake, usiseme kwamba mwenyewe alizipaka kwa umaskini: wakati wa vita madini yale yalihitajiwa katika silaha, na viwanda vikatoa baiskeli nyeusi kote. Ule weusi ndio cheti chake cha kuzaliwa.

Kisha hesabuni njiti za magurudumu. Baiskeli za Kiingereza za zamani zilikuwa na njiti 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo na mpandaji hulemea nyuma. Nchi nyingine zilitia 36 na 36. Wanafunzi wetu hupenda jambo hili, maana halihitaji chombo ila kidole cha kuhesabia. Na Raleigh walikuwa na ubahili wao: hesi za pale krenki zinapopita katika fremu zilikatwa 26 katika inchi moja, hali wengine walikata 24. Kwa hiyo kikombe cha gololi cha B.S.A. hakikubali kuingia katika Raleigh. Mafundi wengi wamelaani tofauti ya hesi mbili.

Tandiko la Brooks la Birmingham ni ngozi nene ya ng'ombe, iliyokazwa juu ya chuma kwa misumari ya shaba, na chini ya pua yake kuna skrubu ya kuikaza inapolegea. Baada ya miaka ngozi hushika umbo la mwenyewe, hata mwingine akikalia huona taabu. Tandiko kama hilo likiachwa mvuani hufa; likipakwa mafuta laweza kumzika mwenyewe. Taa za zamani nazo, zile za kabla ya betri na dainamo kuenea, ziliwaka kwa mawe ya kabaidi: maji yalidondoka tone tone juu ya mawe, ikatoka gesi, na gesi ikawashwa. Nuru yake ilikuwa nyeupe, na harufu yake mbaya.

Kwetu sisi, chuma kinachostahili heshima kuliko vyote ni kitovu cha gurudumu la nyuma kilichotengenezwa na Sturmey-Archer wa Nottingham. Si baiskeli nyingi za huku zilizokuwa nacho, maana kilizidisha bei. Aina iitwayo AW ilianza mwaka 1936. Kwa nje ni bomba fupi lililonenepa. Ndani yake mna gurudumu dogo la meno lililosimama katikati, na magurudumu mengine madogo yanalizunguka, kama sayari zinavyolizunguka jua. Kwa kuvuta kijinyororo chembamba, mpandaji huchagua njia ambayo nguvu itapita: ya kati huzungusha gurudumu sawa na mnyororo, ya juu huongeza theluthi moja, ya chini hupunguza robo, nayo ndiyo ya kupandia genge. Baada ya vita, juu ya bomba walipiga muhuri wa tarakimu mbili za mwaka, na mara nyingi mwezi pia. Ukifuta grisi na vumbi ukaona 52, basi kitovu kile kilitengenezwa mwaka 1952, na hapana haja ya kumwuliza mzee akumbuke.

Hapo pana swali ambalo sisi wenyewe tumelijadili kwa ukali. Je, mtu akiona korongo zuri katika baiskeli ya mzee anayekwenda nayo shamba, amnunulie? Mijini wako wenye fedha wanaotafuta vitu hivi. Wengine husema kwamba afadhali kinunuliwe kabla hakijaishia kwenye mizani. Sisi twaona kwamba baiskeli inayotembea isivunjwe. Ukiondoa gurudumu la meno, mnyororo hauna pa kushika, na mzee atapewa la bati lisilo na umri. Atarudi shambani kwa miguu. Tukusanye vya baiskeli zilizokufa, zilizolala nyuma ya nyumba huku fremu imekatika. Hizo ni nyingi, na hizo ndizo anazozifuata mwenye mizani.

Hatutaki kudharau baiskeli zilizofuata. Phoenix za Shanghai na zile za India zilibeba mizigo ambayo Raleigh ingeinama. Mtu akifunga madumu manne ya lita ishirini amebeba kilo themanini za maji, na juu ya uwanda usio na visima vya karibu, kazi hiyo ilikuwa kubwa kuliko uzuri wote tuliousifu. Siku hizi pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, nazo ndizo zilizowapa watu sababu ya kuuza chuma cha zamani.

Raleigh iliacha kutengeneza baiskeli Nottingham mwaka 2002. Sturmey-Archer ilikwisha kuuzwa mwaka 2000 na mitambo yake kupelekwa Taiwan. Wanafunzi wanaotaka kuanza wachukue kitambaa, mafuta ya taa kidogo na daftari. Waandike jina la kijiji, chapa, idadi ya njiti, rangi ya mng'ao, na tarakimu zozote zilizopigwa muhuri. Kisha wamwombe mwenyewe awaambie aliinunua kwa fedha ya kazi gani, na waandike hilo pia, kwa maneno yake.