Pointi za watoto wetu: toka buletini hadi Exetat

Wilayani Masisi na Walikale, mzazi akipokea buletini ya mtoto anatafuta kwanza asilimia. Ikiwa 50 ao zaidi, anapumua. Buletini inaonyesha kazi za kila siku, mtihani na maksima ya kila somo, lakini haisemi mtoto alikosea wapi.

Mazoea hayo ni ya zamani. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na sababu ya huyu kupewa 7 na yule 4 ilibaki kwa mwalimu. Mwaka 1967 serikali ilianzisha Mtihani wa Taifa, Exetat, na leo mwanafunzi wa Kinshasa na wa Walikale wanajibu maswali mamoja. Hiyo ilikuwa hatua kubwa ya haki. Hata leo majina ya waliofaulu yakitoka, watu wanarundikana kwenye redio, na wenye kufaulu wanamwagiwa pudra kichwani.

Sehemu kubwa ya Exetat ni kuchagua jibu, na mashine ndiyo inasahihisha. Insha ya Kifaransa ni jambo lingine: inafanywa mapema, wakati wa hors-session, na inasomwa na watu. Bila kipimo kimoja kilichoandikwa, karatasi ileile inaweza kupata 12 kwenye meza hii na 8 kwenye meza ya jirani.

Darasani ni vilevile. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni kabla ya kazi: mawazo pointi 8, mpangilio 5, sarufi 5, usafi 2. Jumla 20. Chaki inatosha. Katika darasa lenye wanafunzi wengi inampunguzia hata ugomvi na wazazi.

Vita vimeonyesha uzito wa jambo hili. M23 iliingia Masisi-Centre Januari 2025 na Walikale-Centre Machi mwaka huohuo. Familia zilikimbia na watoto na magodoro. Buletini nyingi hubaki nyumbani siku kama hizo. Mtoto akifika shule nyingine bila karatasi, mwalimu mgeni hana la kushika, na wengine wanarudishwa darasa la nyuma. Akiwa na daftari moja tu lenye insha na pointi zilizogawanywa hivyo, mwalimu anaona mara moja kwamba mawazo yapo, sarufi ndiyo inasumbua, na anajua aanzie wapi.